Kamba Ikivutwa Mara Mbili

Mlitaka ushuhuda. Jumapili ile baada ya ibada mlinizunguka pale nje, soda mkononi, mkaniuliza, "Mzee Mutiso, ni lini ulijua kwamba Mungu yuko?" Nikawaambia niko na haraka. Haraka gani? Mzee aliyestaafu, magoti yameisha, anakimbilia wapi hapa Kitengela? Nilikuwa nawatoroka, na mlijua.

Sasa nimekaa, nimeandika. Lakini kama mnatarajia nuru na malaika, wekeni karatasi hii chini mkacheze kinanda. Mimi sina ushuhuda. Niko na kazi niliyofanya, na mtu niliyemuua.

Nilikuwa mchimba visima. Si wa mashine ile inakuja na lori, inatoboa siku mbili na inaondoka. Wa mkono. Sururu, mtaimbo, beleshi, ndoo na kamba. Methali inasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na watu wakiisema wanatikisa kichwa kwa huruma. Sisi tulikuwa tunaingia kila siku saa mbili asubuhi, tumeshakunywa uji.

Aliyenifundisha ni Mzee Ndeti, Mkamba mwenzangu kutoka upande wa Machakos, mfupi, mikono mirefu, vidole vinane. Vile viwili vilibaki chini ya jiwe huko Kimuka, na ukimwuliza alikuwa anasema amevitanguliza. Nilimkuta mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kitengela ilikuwa nyasi na waya za ploti, pundamilia wanakatiza barabara asubuhi kama watu wanaoenda kazini.

Ardhi ya huku ni mnafiki, hilo mlijue hata kama hamtashika sururu maishani. Juu ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha unakunyang'anya viatu, kiangazi unapasuka mpaka mbuzi anaingiza mguu na kuvunjika. Ukiupita huo unakuta murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, halafu jiwe la manjano, halafu jiwe lenyewe. Watu huogopa jiwe. Jiwe ni gumu lakini halina maneno mengi. Kinachoua ni ule weusi wa juu, kwa sababu unakuangukia ukiwa umeshausahau, wewe uko chini unapigana na jiwe. Kwa hivyo kwanza jenga ukingo wa mawe juu, ndipo uende chini. Na maji yenyewe, baada ya taabu yote hiyo, yana chumvi, na yanawapaka watoto wetu meno rangi ya chai. Kuna mwenye ploti mmoja alikataa kisima akisema maji ni mabaya. Mzee Ndeti akamwuliza kwa upole kama angependa ateremke akayatie sukari.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni koroboi. Kabla mtu hajaingia, unaiwasha ile taa ya mkebe, unaifunga kwa kamba, unaiteremsha polepole mpaka chini. Ikizima, hakuna mtu kuingia, hata mwenye ploti akisimama hapo akitukana. Kule chini kuna hewa mbaya inayolala kama maji, huioni, huinusi. Taa inazima kwanza ili wewe usizime.

Ya pili ni neno. Aliye chini anaita, "Uko?" Aliye juu anajibu, "Niko!" Basi. Kila baada ya muda kidogo, siku nzima. Uko? Niko. Uko? Niko.

Wiki yangu ya kwanza, Ndeti akiwa chini, mimi nilibanwa na haja ndogo. Nikasogea mpaka kwa mti wa mgunga, hatua kama ishirini hivi. Akaita. Nami huku nimeshika nguo nikapaza sauti, "Niko!" Halafu nikaona kofia yake inatoka shimoni. Alikuwa amepanda mwenyewe kwa vile vishimo vya kukanyagia tunavyochonga ukutani. Akanijia na tope lote lile, akasimama mbele yangu.

"Sauti yako imetoka upande," akasema.

"Nilikuwa hapa tu, mzee."

"Hapa tu ni wapi? Ebu nisikilize, Mutiso. Niko si salamu. Niko maana yake macho yako yako kwa shimo na mkono wako uko kwa kamba. Kama uko chooni, nyamaza! Afadhali nijue niko peke yangu."

Kisha akafunga vitu vyake, akaenda nyumbani. Saa nne asubuhi! Siku nzima ikapotea, na kesho yake hakulitaja tena. Nilijifunza siku hiyo, ama nilidhani nimejifunza.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Lemayian, Mmasai wa hapa hapa, mtu wa nguvu aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho akaja kutuzungushia gogo. Gogo ni lile la kuvutia kamba, lenye mkono wa chuma pembeni, linakaa juu ya mdomo wa kisima. Siku ya kwanza kutusikia tukiitana alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Kimaa, mwanamke ukimsalimia "Takwenya" anakujibu "Iko." Sasa yeye akasikia wanaume wawili wa Kikamba wanaitikiana siku nzima, niko, niko.

"Nyinyi," akatuambia, "mnaongea kama mama zangu wakikutana mtoni."

Kutoka siku hiyo kila asubuhi akifika alikuwa anatuamkia, "Takwenya, akina mama!" Na Mzee Ndeti, na mvi zake zote, anamjibu kwa sauti nyembamba, "Iko!"

Nawaambia haya ili mjue tulikuwa watu wa kucheka. Msije mkadhani huzuni ilianza na sisi.

Jumamosi tulikuwa tunapitia kwa Ndeti, upande wa Isinya, ambako alikuwa amenunua eka moja. Mkewe, Mama Ndinda, mimi namwita Mwaitu, mama kwa Kikamba, kwa sababu ni rika la mama yangu. Huyo mama na chai yake! Hujaketi, kikombe kimefika. Hujamaliza, kimejaa. Siku moja akatueleza vile alivyoolewa na huyu mwanaume.

"Mwaka wa kwanza nilidhani nimeolewa na kichaa," akasema. "Yuko shambani peke yake, nasikia, 'Uko?' Mimi jikoni najibu, 'Niko!' Anafunga mbuzi, 'Uko?' Najibu, 'Niko jamani, unataka nini?' Akaniambia, 'Si wewe, Mama Ndinda.' Sasa ni nani? Hakusema. Ati si wewe!"

Tukacheka. Ndeti akatazama kikombe chake, akatabasamu kidogo tu. Mimi niliona ni ile tabia ya kazi, kama vile makanga mstaafu anagonga meza akitaka kushuka. Mbona sikumwuliza? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko nilivyosema sala ya Bwana.

Basi. Sasa nifike pale.

Mwishoni mwa miaka ya tisini zilikuja zile mvua kubwa, zilizobeba madaraja na ng'ombe. Tulikuwa tunachimba kwa Mama Sahara, mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka kaskazini mashariki, mwenye duka la nguo hapa mjini na mbuzi wengi wa kuuza. Tulikuwa tumefika futi arobaini. Mvua ilipokwisha tukakuta kisima kimejaa maji ya juu, maji machafu, ya kimo cha mtu. Lazima yatolewe ndipo tuendelee. Kwa ndoo, hiyo ni kazi ya siku tatu.

Mimi nikaleta mashine.

Sikilizeni, hii ni sehemu ya kazi, muishike. Pampu ya petroli. Niliazima kwa jamaa mmoja upande wa Athi River, nikaileta kwa mkokoteni huku naringa kama mtu anayeleta bibi harusi. Lakini pampu kama ile haiwezi kunyonya maji kutoka mbali sana. Ukiiweka juu ya shimo refu inalia tu, haileti kitu. Kwa hivyo tukalaza mbao upande mmoja wa shimo, futi ishirini kwenda chini, tukaikalisha hapo. Ndani. Inanguruma ndani. Moshi wake unatoka ndani.

Mmeshaona? Mimi sikuona. Ndeti hakuona. Nilichokuwa nimekiona mimi ni siku tatu kugeuka kuwa masaa matatu.

Ndeti alilalamika kitu kimoja tu. "Hii kelele. Nitakuitaje?"

Nikamwambia, "Tutumie kamba, mzee. Utafunga kiunoni. Ukivuta mara mbili, hiyo ni Uko. Mimi navuta mara moja, Niko."

Alifikiri. Hakupenda, nilimwona. Akasema, "Kamba haina sauti."

"Lakini ina mkono," nikamjibu. Nilikuwa na majibu mazuri siku hizo.

Maji yakashuka mpaka magotini, halafu lile bomba la kunyonya likaziba na tope. Mtu alipaswa kushuka alizibue. Tukateremsha koroboi kwanza, sheria ni sheria. Ikapita mashine, ikafika chini, ikawaka vizuri kabisa kama iko mezani kwako. Tukaamini. Hatukujua kwamba moshi wa injini una sumu ambayo taa haijali. Koroboi inakuambia juu ya hewa moja mbaya. Ile nyingine haiijui. Mkisahau kila kitu kwenye karatasi hii, hilo msisahau: injini yoyote ya mafuta isiingie shimoni na mtu. Hata dakika moja. Hata kama taa inawaka.

Ndeti akashuka, mashine tumeiacha inanguruma. Lemayian alikuwa ameenda kuchota maji ya kunywa. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, imezungushwa kwa gogo.

Ikavutwa mara mbili. Nikavuta mara moja.

Majirani walikuwa wamekuja kuona mashine. Mmoja alikuwa na ploti ile ya nyuma, akaniuliza inakunywa mafuta kiasi gani, tunaweza kumchimbia lini. Nikageuka nimweleze. Mgongo wangu ukawa kwa shimo. Kamba ikavutwa mara mbili. Nikavuta mara moja, nikaendelea kuongea. Nilikuwa namwonyesha kwa mkono wa pili vile maji yalivyokuwa yanaruka kutoka kwa bomba kabla halijaziba.

Halafu ikavutwa tena. Hii haikuwa mara mbili. Ilikuwa mvuto mmoja mrefu, mzito, kama ndoo iliyojaa.

Nami nikavuta mara moja. Niko. Bila kugeuka.

Hilo ndilo nililofanya. Nimelizunguka miaka mingi, nalitazama kutoka kila upande, na linabaki hivyo hivyo. Kamba ilikuwa kiunoni mwake. Ningegeuka, ningeita watu wale wawili watatu, tungemtoa bado anapumua.

Lemayian ndiye aliyerudi, akachungulia. Sijui alipiga ukelele gani, ulikuwa wa Kimaa, na ndipo nikageuka. Alimwaga debe lote la maji juu ya mashine, ikakohoa, ikazima. Kimya kile! Tukazungusha gogo. Mzee Ndeti akaja juu kichwa kimelala kifuani, maji yanamtiririka, na midomo yake ilikuwa imeiva rangi kama ya mtu mwenye afya. Tulimlaza, tukamkanda, tukampepea, nikampigia kelele masikioni. Hakuamka.

Mama Sahara alikuja mbio na shuka jipya la dukani, bado lina mikunjo. Akamfunika, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kisha akainua macho. "Nani alikuwa ameshika kamba?"

Lemayian akanitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuita."

Neno moja. Nililisema kwa Mama Sahara, nikalisema kwa askari waliokuja kuandika, na jioni ile nikalisema kwa Mama Ndinda, mlangoni kwake, kofia mkononi. Hakuita, Mwaitu. Angeita tungemtoa.

Mama Ndinda alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Akarudia polepole, "Ndeti hakuita?"

"Hakuita."

Akaachilia nguzo. Halafu akaingia ndani kwa akina mama wenzake, ndipo nikasikia kilio kikianza.

Tulimzika pale kwake, hatua chache kutoka kwa kisima alichokuwa amekianza mwenyewe na hakukimaliza. Mimi ndiye niliyechimba kaburi. Nilikataa kusaidiwa, na watu walisema, tazama, huyu alimpenda mzee. Walisema kweli, na hiyo haikunisaidia.

Baada ya hapo kila mwezi nilikuwa nampelekea Mama Ndinda kitu. Unga, mafuta, mtungi wa maji. Alipokea kwa mikono miwili. Aliniuliza habari za mke wangu na Koki, binti yangu. Aliniletea kiti. Chai hakuleta. Mara ya kwanza nilifikiri ni majonzi. Mara ya pili nilifikiri sukari imeisha, nikapeleka sukari. Mara ya tatu moto ulikuwa unawaka, sufuria iko juu, nasikia harufu ya majani, na nikaketi pale mpaka nikaona aibu, nikaaga. Nyinyi ni watoto wa huku, hamhitaji kuelezwa. Hata mtu aliyekuja kukudai unampa chai. Nyumba ya Mkamba ukiingia na ukatoka mdomo mkavu, mwaka baada ya mwaka, hapo umeambiwa.

Kisima cha Mama Sahara kilifukiwa. Alisema maji yake hayataki. Nikaendelea na kazi kwingine, maana tumbo halijui msiba, na Lemayian akaendelea na mimi. Kwa nini aliendelea, sijui. Hakuwahi kuniuliza kuhusu siku ile, wala hakusema tena "Takwenya." Tulichimba bila kuitana. Nikiwa chini nilikaa kimya, na yeye juu akachungulia kila dakika bila kuulizwa. Sikumwuliza Uko kwa sababu nilijua neno lile si langu tena.

Hapo ndipo mambo yakaanza.

Nilikuwa naanika shati kwa kamba ya nguo nyumbani. Kamba ikanivuta mkono, mara mbili. Ni upepo, nikajiambia. Nikamfunga mbuzi, akavuta mara mbili, akatulia, akanitazama. Koki, wakati huo ana miaka sita hivi, nikiwa naongea na watu barabarani alikuwa ananivuta koti. Mara mbili. Watoto wote huvuta koti, najua! Lakini mimi nilikuwa naruka kama mtu aliyeguswa na moto, na mtoto analia. Kanisani, kapu la sadaka likipita, mkono wa jirani unanigusa, gusa, gusa. Nikawa sipendi kushika kitu chochote chenye ncha nyingine.

Nilidhani ni Ndeti amerudi. Nilienda kaburini kwake nikamwambia aniache. Lakini Ndeti hakuwa mtu wa kusumbua mtu. Na hakukuwa na hasira ndani ya ule mvuto, hilo ndilo lililoniogopesha. Hasira ningeielewa. Ulikuwa unauliza tu. Ukiwa kwa jiko, ukiwa na sabuni usoni, ukiwa unafunga kiatu. Unauliza, halafu unangoja.

Jumapili moja mchungaji wa wakati huo akahubiri juu ya jina la Mungu, kwamba alipoulizwa jina lake, alijitambulisha kwa neno letu lile la kisima. Niko. Watu wakasema amina. Mimi nikatoka nje nikashika ukuta. Nilikuwa na hasira, wacha niseme wazi. Nilimwambia Mungu pale pale, kichwa kimeinama: Ulikuwa wapi siku ile, wewe unayejiita Niko? Kama ulikuwepo mbona hukushika kamba?

Na mkono wangu wa kulia, uliokuwa umeshika ukuta, ulikumbuka vizuri sana nani alikuwa ameishika.

Miaka ikaenda hivyo. Kitengela ikajaa nyumba, pundamilia wakahama, mashine za lori zikaja, kazi yetu ikapungua. Halafu ukaja ule ukame mbaya, wa miaka ya elfu mbili ikielekea mwisho. Nyinyi mlikuwa wadogo. Ng'ombe walikuwa wanalala kando ya barabara na hawaamki, harufu inaingia mpaka kwenye nyumba. Niliwaona wazee wa Kimasai wakimwinua ng'ombe kwa mkia na pembe, wanaume wanne, asimame, atembee hatua tatu, aanguke. Lemayian alikuwa amejaribu tena kufuga. Wote walikufa.

Akaja kwangu akasema, "Mama Ndinda anataka kile kisima cha mzee kimaliziwe. Amesema uje wewe."

Tulifika asubuhi. Mama Ndinda alikuwa amezeeka, jicho moja limefunga ukungu. Kiti alikuwa amekiweka tayari, lakini si cha kwangu. Alikiweka kwenye mdomo wa kisima, akaketi, akachukua ule mwisho wa kamba ulio huru, akauzungusha kiganjani.

"Lemayian atazungusha gogo," akasema. "Lakini kamba ni yangu. Na wewe Lemayian, usiongee."

Koroboi ikashuka, ikawaka. Nikafunga kamba kiunoni, nikashuka kwa vishimo alivyochonga Ndeti mwenyewe. Mguu wangu ukaingia pale alipopima mguu wake. Futi thelathini na tano. Chini kulikuwa na vumbi, majani, na mtaimbo wake, umeshika kutu, umeegemea ukuta kama alikuwa ameenda tu kula.

Nikaanza kupiga. Juu ya kichwa changu kulikuwa na duara la mwanga na nusu ya kichwa cha yule mama. Sijui nilipiga kwa muda gani. Halafu nikaona kwamba ule weusi wa juu haujajengewa ukingo. Kwa wengine Ndeti alijenga kwanza, cha kwake alikuwa akikiahirisha, nami nilishuka bila kuangalia. Ufa mmoja ulikuwa umeshuka kutoka mdomoni, na chembe za udongo zinaanguka, moja, moja, begani kwangu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Uko?"

Kimya.

Nilikuwa sijalisema neno lile miaka zaidi ya kumi. Nikangoja. Nikaita tena. "Mwaitu, uko?"

Kimya. Kamba ilikuwa imelegea. Niliona kichwa chake pale, hakijasogea. Alikuwepo, ananisikia, na hajibu. Ndipo nikajua mambo ya Ndeti ya siku ile, jinsi mtu anavyosimama chini na swali lake limeenda juu na hakuna kinachorudi. Lakini yeye hakupewa hata kimya. Yeye alipewa uongo. Alivuta, akajibiwa Niko, akaamini, akaendelea kuzibua bomba langu.

Nikaweka sururu chini. Nikasema kwa sauti, maana shimo linabeba sauti, "Mwaitu, aliita. Nilikudanganya. Aliita mara tatu. Ya mwisho nilijibu na sikugeuka."

Udongo ukaendelea kudondoka. Hakujibu. Nikafikiria kwamba ana haki. Anaweza kuiacha ile kamba, akaingia jikoni kwake, na hakuna mtu duniani angemlaumu.

Na hapo, vijana, kwa sababu mliniuliza, nitawaambia, lakini sina maneno mazuri. Hapo nikajua siko peke yangu. Haikuwa raha. Msiimbe. Ilikuwa kama mtu anapokuwa chumbani anafanya lake, halafu anatambua kuna mwingine aliyeketi pale tangu asubuhi. Ule mvuto wa miaka yote, wa kamba ya nguo na mbuzi na koti, ulikuwa umeketi nami futi thelathini na tano chini, hauvuti tena.

Kamba ikakaza kiunoni.

"Niko," akasema Mama Ndinda. Sauti ilikuja moja kwa moja, haikutoka upande. "Panda. Huo ukingo haujajengwa, utakufa bure."

Nilipanda. Lemayian alinishika mkono akanivuta mdomoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama Ndinda alibaki ameketi, anafungua kamba kiganjani pole pole. Ilikuwa imemchora alama.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ndeti kukosa kuita? Ndeti aliyekuwa anaita akichemsha mayai?"

Nikaanza kufungua kamba kiunoni mwangu.

"Umeita nikanyamaza. Nilitaka nijue ni nani unayemwita."

"Wewe, Mwaitu."

"Na nani mwingine?"

Nikamtazama. Nikakumbuka maneno ya Ndeti, si wewe, Mama Ndinda. "Na huyo mwingine," nikasema.

"Alikujibu?"

"Hakujibu. Aliuliza."

"Aliuliza nini?"

"Kama niko."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani. Akasimama, akajishika kiuno, akaenda jikoni. Sisi wanaume wawili tukabaki tumesimama kando ya kaburi la mzee, hatujui tuweke mikono wapi. Wiki hiyo nzima tulijenga ukingo, na wiki iliyofuata tukapata maji, ya chumvi.

Lakini kwanza, asubuhi ile, alirudi na vikombe vitatu.